Ndege Moja Moja

Beatha hakuwa mtu wa kulalamika. Kwa miaka thelathini na miwili aliuguza watu katika zahanati ya Bombo, kijiji cha mlimani, na alipostaafu alishuka pamoja na mumewe, Mwalimu Elirehema, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Same. Mwalimu alikwishapigwa na kiharusi mara moja, nao walitaka kuwa karibu na hospitali. Wakati huo uwanja mdogo wa ndege uliokuwa jirani ulipokea ndege moja kwa juma. Siku nyingine zote mbuzi walijilia majani humo.

Kisha kikaja chuo cha marubani. Ndege za wanafunzi zikawa zinaruka tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zinazunguka, zinarudi, juu ya mapaa yale yale. Kiharusi cha pili kikamwacha Mwalimu kitandani bila kauli. Kila ndege ilipopita, mkono wake uliosalia mzima ulikamata shuka kama wa mtu anayeteleza. Beatha aliuona mkono ule kila siku, na hakuna mwingine aliyeuona.

Watu wa mtaa walipopeleka malalamiko, serikali ilimtuma mtaalamu mmoja wa sauti, kijana mpole aitwaye Vitus. Alisimamisha mlingoti uani kwa Beatha na kufunga juu yake kipima sauti, maana hapo ndipo ndege zilipopita chini kabisa. Akamweleza kwamba chombo kile husikia kila kitu ila hakijui kinasikia nini. Kwa hiyo alimwomba kwa siku saba aandike kwenye daftari kila sauti kubwa na saa yake, iwe ya ndege, lori au mashine ya kusaga.

Siku ya pili alikuja Abdulmalik, mwenyekiti wa mtaa, akaketi kibarazani. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imeanza kunguruma. Aliomba isiandikwe.

"Mama, acha kelele yake ihesabiwe ya ndege. Namba zikiwa kubwa watatusikiliza. Fanya hivyo kwa ajili ya Mwalimu."

Ombi lile lilimgusa pale palipokuwa panamuuma.

"Mwenyekiti," akasema, "nimeandika homa za watu maisha yangu yote. Sikuwahi kumwongezea mtu homa ili apate dawa."

Akaiandika mashine.

Matokeo yalisomwa katika darasa la shule ya msingi. Vitus alieleza kwamba ukichukua kelele zote za siku saba na kutafuta wastani, mtaa ule ulikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Minong'ono ikaanza. Mtu wa nyuma akasema daftari la Beatha ndilo lililowaponza, na mama aliyeketi naye dawati moja, ambaye Beatha alimzalisha mtoto wake wa kwanza, akasogea pembeni.

Beatha akasimama. Aliuliza ndege zilipita mara ngapi. Vitus akapekua karatasi zake, akajibu kwamba zilipita mara mia mbili na kumi na nne, na mara sitini na moja zilivuka desibeli themanini, nyingi kabla ya saa mbili asubuhi.

"Mgonjwa wangu hasikii wastani, mwanangu," Beatha alisema. "Anasikia ndege moja moja."

Mwakilishi wa chuo akadakia kwamba sauti hizo kubwa huenda zilikuwa za mashine ya kusaga. Vitus akafungua daftari, akasoma saa za mashine, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyoangukia kwenye zile sitini na moja. Yule mwakilishi akaketi.

Uamuzi ulichukua miezi minne. Ndege zilikatazwa kuruka kabla ya saa mbili, na zikaagizwa kugeukia upande wa mbugani kusikokuwa na makazi. Mwalimu hakuufikia. Alifariki Jumanne moja asubuhi, ndege zikipita, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Walimzika Bombo, jirani na kanisa.

Beatha aliporudi Same baada ya matanga, amri ilikuwa imekwishaanza kutumika. Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi na mbili na nusu, akangoja. Hakikupita kitu. Aliketi ukingoni mwa kitanda mpaka jua likaingia chumbani.

Mchana Abdulmalik alikuja na mkewe Shamsa kumpa pole. Alisema anajuta kwa lile aliloliomba. Beatha akamjibu kwamba alijua nia yake ilikuwa nzuri, akawakaribisha chai. Katika mazungumzo Shamsa akataja kwamba binti yao amejifungua, na kwamba siku hizi kichanga kinalala bila kushtuka mpaka jua limepanda. Beatha akauliza ni wa kike au wa kiume, na kama ananyonya vizuri.