Waya uliochomoka siku ya mahari

Leo nusura niharibu mahari ya dada yangu kwa kutengeneza intaneti!

Wakwe wamejaa sebuleni kwetu Bariadi. Baba mkubwa yuko Mwanhuzi, tunaongea naye kwa video kwenye TV.

Mshenga wao akataja ng'ombe watakaotoa. Hapo hapo picha ikaganda, baba mkubwa kakunja uso, kimya.

Nikaingia chini ya meza. Kumbe waya unaoleta intaneti kutoka ruta ya chumbani umechomoka. (Mama na ufagio wake!)

Juu namsikia mshenga: "Mzee hajaridhika. Tuongeze mtamba."

Kimya.

"Basi, mitamba miwili."

Naushika waya nichomeke, baba akanikanyaga vidole taratibu, huku anawatabasamia wageni.

Mafundi wenzangu, ninyi mngechomeka?