Hapo Tu

Kariakoo tulilisema kutwa nzima neno hili. Sokoni wapi? Hapo tu. Zahanati? Hapo tu, vuka barabara. Nilikuwa fundi cherehani, nashona barazani pa nyumba niliyopanga, na mtoto wa jirani akijikata kwa kigae nilimkimbiza akafungwe kidonda, nikarudi chai yangu ingali ya moto. Sikujua kuwa neno hilo litakuja kuniudhi, na liniudhi hata leo hii.

Masika moja shangazi yangu alishuka kwenye basi la kusini, mjukuu wake yuko mgongoni. Binti mdogo, surua ilikuwa imempitia ikamwachia jicho la kushoto lenye utando mweupe. "Tumefuata jicho la mtoto," shangazi akasema, hata maji hajanywa.

Asubuhi nikawapeleka hospitali. Daktari, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, akalifunua lile jicho, akaguna.

"Bibi, kwenu hakuna zahanati?"

"Ipo, mwanangu."

"Iko mbali?"

"Hapana. Hapo tu."

Ilikuwa nongwa! "Hapo tu, na umemwacha mtoto mpaka amefika hivi? Nyinyi watu wa shamba mnajengewa zahanati, halafu mnakaa nyumbani na majani yenu!"

Shangazi akainamisha kichwa. "Tuwie radhi, mwanangu."

Damu ilinichemka. Ile "hapo tu" naijua, nimeitembea kwa miguu yangu. Wazee wetu walihamishwa kutoka mashamba yao, wakaambiwa wakikaa pamoja watapata shule, maji na zahanati. Wakahama. Zahanati ikajengwa kijiji cha pili, ng'ambo ya mto. Kiangazi unaondoka jogoo la kwanza, unafika jua la utosi. Masika mto unajaa, hakuna mwenye mtumbwi anayethubutu. Lakini kwetu mtu mzima halalamikii njia mbele ya mgeni. Ni kama kuitukana nchi yake. Kwetu hakuna mbali. Kuna hapo tu, na kuna hapo mbele kidogo, na huko unabeba chakula cha njiani.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yule kijana alikuwa anamfokea maiti.

"Daktari," nikasema, na sauti haikuwa ya heshima, "hapo tu yake si hapo tu yako. Kati yake na zahanati kuna mto. Muulize habari za mto!"

Wagonjwa benchini wakageuka. Shangazi akanifinya mkono ninyamaze. Daktari akanitazama, kisha akamgeukia yeye, sasa kwa upole.

"Mlivukaje, bibi?"

"Hatukuvuka. Tulingoja maji yapungue."

"Mlingoja mpaka lini?"

"Mpaka jicho likaacha kumuuma. Tulipovuka, wakatuambia hili ni la Dar es Salaam."

Daktari hakufoka tena. Alijua, nami nikajua, kwa nini jicho lile lilikuwa limeacha kuuma. Akatoa dawa ya kulinda lile la pili, akaeleza taratibu namna ya kuitia.

"Ikiisha, bibi, usikae. Nenda zahanati ya kwenu ukachukue nyingine."

Nilitaka kupiga kelele. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na bila shaka na huko kwetu vilevile. Shangazi akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Tutakwenda, mwanangu," akamwambia. "Ni hapo tu."