Korosho za Shinyanga

Kinyago kipya cha mpingo kina harufu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi la msasa, kavu, inayokereketa koo. Ya pili ni ya dawa nyeusi ya viatu, ambayo baba alikuwa akiipaka mwishoni na kuisugua kwa kitambaa mpaka mti ung'ae. Kung'aa kwenyewe nilikuwa sikuoni tena. Surua ilikuwa imeyamaliza macho yangu nikiwa darasa la tatu, na masika ninayoyasimulia hapa yalinikuta na miaka kumi na mmoja, mwaka wa pili nikiwa nyumbani kwetu Tabata bila shule. Kila alasiri nilikaa barazani juu ya kigoda, mgongo ukutani, nikisikiliza mvua ikipiga bati na patasi ya baba ikigonga upande wa pili wa nyumba. Nilichokuwa nikikingoja ni ile harufu ya pili. Ikinifikia, nilijua kazi imekwisha na kitabu kinakuja.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha maarifa ya jamii, alichokinunua baba kwa muuza vitabu vya mtumba. Kilinunuliwa kwa sababu moja. Kulikuwa na shule bara iliyokuwa ikipokea watoto wasioona, na kwa watoto wa upande wetu ilikuwa imebaki nafasi moja. Baba aliambiwa kwamba nitasailiwa kwa mdomo mvua zikiisha, na kwamba nikishatimiza miaka kumi na miwili sitapokelewa tena. Kwa hiyo hapakuwa na mwakani. Mama alilisema jambo hilo kwa njia yake, akimenya vitunguu: "Zuhura, ukishindwa utakaa hapa hapa na mie, tulizane na hivi vitunguu mpaka tuzeeke." Alicheka, lakini kisu kilisimama kidogo kabla hajaendelea.

Baba alisoma hadi darasa la nne kwao Newala, mkoani Mtwara, kisha akashika tezo na kuchonga vinyago. Maandishi aliyoyazoea ni ya daftari lake la oda. Kushoto aliandika kinyago, kulia kipimo chake: tembo, inchi sita, mzee mwenye fimbo, inchi kumi. Alisoma kwa kidole, akitoka kushoto kwenda kulia, kisha akishuka mstari wa pili. Maneno yaliyochapwa juu ya kila karatasi hakuyajali kamwe, maana kazi ilianzia chini yake. Hivyo ndivyo alivyonisomea na kitabu. Nilimsikia kidole kikikwaruza karatasi, na kila neno refu alilikata vipande kama anayepasua gogo. Hakuchoka. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, na mimi nilikuwa nikishika kila kitu kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukitafuta.

Mwisho wa kila sura kulikuwa na orodha mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba lilikuwa zoezi, kwamba juu yake paliandikwa kuwa mwanafunzi aoanishe orodha ya kwanza na ya pili, na kwamba ya pili ilikuwa imevurugwa makusudi. Baba aliisoma kama oda. "Mkonge, Kagera. Kahawa, Tanga. Pamba, Mtwara." Kisha alinihoji. Yeye akisema mkonge, mimi Kagera. Akisema kahawa, mimi Tanga. Siku tuliyofika kwenye korosho, kidole kilisimama.

"Korosho, Shinyanga," alisema baba, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu.

Mama alidakia kutoka jikoni. "Korosho wapi? Baba Zuhura, hizo zinazoletwa na mama yako kila mwaka anazinunua Shinyanga?"

"Ndivyo kilivyoandika."

"Basi na kikuandikie na wewe ni Msukuma."

"Mama Zuhura, aliyeandika kitabu anajua kuliko sisi. Labda siku hizi wameanza kuzilima na huko." Alingoja kidogo, akanigeukia. "Sema, mwanangu. Korosho?"

"Shinyanga."

"Ehe! Umeisikia hiyo?" Akacheka kwa furaha, na mkono wake wenye dawa ya viatu ukanigusa kichwani. Tulimaliza nusu ya kitabu kabla mvua hazijaisha, sura saba na orodha saba, na zote nilizijua bila kukosea hata moja.

Usaili ulifanyika katika ofisi moja Temeke. Niliketishwa kwenye benchi la mbao, baba kando yangu, na mwalimu wa kunisaili akasogeza kiti mbele yetu. Nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia vizuri. Alianza na hesabu, nikaziweza. Akaniuliza mkonge unalimwa zaidi mkoa gani. Nikajibu mara moja, kwa sauti ya juu kama nilivyofundishwa. Akaniuliza kahawa, kisha pamba. Nilisikia kalamu yake ikiandika kila nilipojibu, na kwa akili yangu alikuwa akinipa alama. Kisha akauliza korosho. Hapo nilisita. Nilizijua korosho. Nilikuwa nimezibangua kwa mikono yangu, na mfuko uliotumwa na bibi kutoka Newala ulikuwa bado chini ya kitanda. Lakini niliona huu ni mtihani, na mtihani hutoka kitabuni. Nikasema Shinyanga.

"Mwenzangu, hebu njoo usikie," mwalimu alimwita mtu wa chumba cha pili. "Korosho zimehamia Shinyanga!" Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka kazini. Kisha akanirudia kwa upole. "Haya yote amekufundisha nani, mwanangu?"

Kando yangu baba hakupumua. Ndipo nilipoelewa, si jinsi kosa lilivyotokea, bali kwamba lilikuwa kubwa na lilikuwa letu.

"Nimejifundisha mwenyewe," nilisema.

"Basi umejifundisha vibaya."

Nafasi akapewa mtoto mwingine, na miezi miwili baadaye nikatimiza miaka kumi na miwili. Tulipofika nyumbani siku ile alikiweka kitabu juu ya kabati, nikasikia kikigonga mbao. Kesho yake alasiri patasi ilinyamaza, harufu ya dawa ya viatu ikanifikia barazani, nikakaa wima kwenye kigoda. Baba alipita mbele yangu akaenda kunawa. Ikawa hivyo kila siku. Sikumwomba anisomee, kwa kuwa niliona kumwomba ni kumkumbusha. Kimya hicho kiliniumiza kuliko ile nafasi. Nilikuwa mtoto mwenye njaa ya maneno, mita tatu kutoka kwa mtu aliyekuwa nayo, na sikuweza kufungua mdomo.

Uongo wangu wa Temeke ulikuja kuwa kweli. Nilijifundisha mwenyewe, kwa redio, kwa maandishi ya nukta nundu niliyojifunza nikiwa mtu mzima, na baadaye kwa kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Leo kazi yangu ni kusahihisha vitabu vilivyoskaniwa kwa ajili ya wasioona wenzangu. Nasikiliza sentensi moja moja, naondoa namba za kurasa zilizoingia katikati ya aya, narudisha mistari iliyoruka. Penye orodha mbili nasimama. Skana huondoa mistari ya jedwali, na mara nyingi maelekezo ya juu hupotea, kisha kompyuta husoma kushoto na kulia kwa uhakika uleule.

Mwezi uliopita nilikuwa nikisahihisha kitabu cha shule, baba amekaa nyuma yangu. Ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yameingia ukungu. Kompyuta ikasema, "Korosho. Mwanza."

"Mtwara," alisema baba.

Niliisimamisha. Hatukuwa tumelitaja jambo lile tangu Temeke.

"Nayo inakosea hivyo hivyo?" aliuliza.

"Kila kitabu, baba."

"Na wewe unaifanyaje?"

"Nairudisha nyuma, narekebisha, inaendelea kusoma."

"Mie nilingoja uniambie tuendelee," alisema. "Hukuniambia. Nikajua hutaki tena kusomewa na mie."

Kitabu kile kiko palepale juu ya kabati, na tuliishia nusu. Naweza kukiskani, na kompyuta ikanisomea sura zote zilizobaki kabla ya adhana ya alasiri. Nimekishusha mara mbili, nikakipangusa vumbi, nikakirudisha. Niliyemngoja pale barazani anisomee bado yupo, amekaa nyuma yangu, na sasa hata herufi kubwa za jalada hazioni.