Soketi Iliyoitwa Mkwe

Soketi iliyo juu ya sinki katika saluni yetu tuliiita Mkwe, kwa sababu mkwe wa bosi ndiye aliyeifunga. Ni soketi ya usalama: ikihisi umeme unavuja, inajikata papo hapo. Na wiki ile ilikuwa inajikata kutwa nzima.

Mkwe mwenyewe ni fundi umeme, mpole, hana maneno mengi. Mbele ya mama mkwe wake alikuwa akijikunja kama mwanafunzi aliyechelewa. Asubuhi hiyo aliitwa bila kuelezwa kisa. Kufika mlangoni, akamsikia bosi anafoka ndani:

"Mkwe huyu kanichosha! Kazi kidogo tu, kagoma. Leo atoke, nitafute mwingine!"

Maskini, alinywea palepale na mkoba wake wa vifaa. "Mama, kama nimekosa, tuongee. Mwanao nampenda."

Sisi wasusi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bosi akainyooshea soketi kidole chenye povu. "Namsema huyu!"

Fundi akashusha pumzi. Alichomoa kila kitu, akabonyeza kitufe cha kurudisha umeme: ikawaka, ikatulia. Akabonyeza cha kujaribia: ikajikata, kama inavyotakiwa.

"Mama, hii ni nzima."

"Nzima gani? Ing'oe, unga waya moja kwa moja."

"Hapana, Mama," alisema. "Hilo sifanyi, hata ukinifukuza."

Hakuna anayemwambia bosi hapana, na mimi nilimheshimu fundi tangu hapo.

Akairudisha umeme, akachomeka birika la umeme. Kimya. Mashine ya kunyolea. Kimya. Draya ya bosi: ta! Ikakata. Akaigeuza. Waya wake ulikuwa umezungushiwa selotepu, na chini ya selotepu shaba ilikuwa wazi, ina unyevunyevu.

"Nani alifunga hapa?"

"Mimi," bosi akajibu kwa sauti ndogo. Akaitazama mikono yake, imelowa mpaka viwikoni, akajikalisha kwenye kiti cha wateja. "Kila soketi ilipokata, draya nilikuwa nimeishika mimi."

Fundi hakumsimanga. Aliukata waya wa draya ile, akaitia kwenye pipa la taka, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Kesho njoo nyumbani, baba," bosi akasema. "Sina hata soketi moja ya namna hii kule. Na anza na bafuni, ndiko wanao wanakooga wakija."