Waya Usiobeba Neno

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya maji Kitui, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Msimamizi wa Karakana alinikabidhi ufagio. Nilifagia, kisha nikamwuliza bisibisi ziko wapi. Alicheka hadi kofia ikamwanguka, lakini alinionyesha. Fundi wa umeme mwanamke alikuwa kituko wakati huo, na mimi kituko hicho nilikifurahia.

Baadaye nilipelekwa Tseikuru. Huko habari za tangi zililetwa na boya na kengele tu. Nyinyi vijana chekeni, lakini kengele ile haikujua uongo.

Miaka ya tisini ilinikuta upande wa Kibwezi, nyumbani kwetu. Pampu ilikuwa mtoni na tangi mlimani. Kati yao kulikuwa na nyaya mbili zilizosokotwa, zikipeleka habari za kina cha maji. Kila upande ulikuwa na kadi yenye kijidude cha kusema na kusikia. Ya tangi ilikuwa ya zamani, ya volti tano. Ya pampu iliungua, tukaletewa mpya ya volti tatu na kidogo. Wenzangu waliogopa kuzioanisha. Mimi niliziunganisha, maana kijidude hakijali mwenzake anakula volti ngapi. Husikiliza tofauti kati ya waya mmoja na wa pili, na kadi zote mbili zilitoa tofauti ya kutosha. Ila kila kadi lazima ile jikoni kwake. Ukiunganisha umeme wa tano na wa tatu, andaa matanga.

Wakati wa mvua mambo yalikwenda vizuri. Kiangazi kilipokaza, kila pampu ikiwaka ujumbe unakatika, na pampu isiposikia tangi hujizima. Mabomba yakakauka. Mama yangu akarudi kwenye kisima chake cha mchangani mtoni, alichokizungushia miiba ili ng'ombe wasikichafue. Hata bomba lilipokuwa likitoka hakuwahi kuiondoa miiba ile.

"Bomba ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni huenda."

Injinia wa Wilaya alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Mueni, hizi volti zimekataana. Nang'oa hii mitambo, naipeleka Emali."

"Zingekataana, Bwana Injinia, zingekataana siku ya kwanza. Nipe wiki moja."

"Wiki moja. Hiyo tu."

Mitambo ikienda, mama angechota mchangani mpaka afe.

Nilipima chuma kilichochomekwa ardhini kwenye nyumba ya pampu ili kimeze umeme unaovuja. Udongo ulikuwa umekauka, haumezi kitu. Mota ikiwaka, chuma kinapanda volti na kadi iliyofungwa nacho inapanda pia, ikaachana mno na ya tangi hata zisisikilizane. Nikachukua mtungi wa mama, uliojaa, nikaumwaga wote pale chini. Ujumbe ukarudi.

"Mueni! Unamwaga maji, kiangazi hiki?" Mama alinijia kama aliyeona mwizi.

Hatungemwagilia chuma kila siku. Ulihitajika waya wa tatu, kutoka kadi hadi kadi, ili zote zipimie mahali pamoja. Injinia alitoa waya, wachimbaji hakuwa nao. Mama ndiye aliyeita mwethya, akina mama wanaosaidiana kazi zamu kwa zamu.

"Huu waya utabeba nini?" aliniuliza, jembe mkononi.

"Haubebi neno lolote, mwaitu," nikamjibu mama kwa lugha yetu. "Mtu akisimama kwenye kichuguu na mwingine shimoni, utajuaje nani mrefu? Huu unawasimamisha pamoja."

"Kumbe tunachimbia bubu!" Wenzake wakaangua kicheko, wakachimba wakiimba kutoka mtoni hadi mlimani.

Niliitenga kadi ya pampu na chuma kile, nikaifunga kwenye waya mpya, nikawasha. Ujumbe haukukatika. Injinia alisikiliza pampu mpaka chai yake ikapoa, kisha akaondoka bila kung'oa kitu.

Sasa nimestaafu. Nimekaguliwa na wakubwa wengi, na wengine walinisifu. Lakini kiangazi kile kile cha waya, kabla mvua haijanyesha, nilimkuta mama jikoni akipika isyo, mahindi na maharagwe yetu. Kuni zilikuwa miiba ya kisimani.