Maji Yaliyochotwa na Upepo

Mwezi uliopita walikuja ofisini kwetu Misungwi vijana wawili wanaotaka kupima upepo wa kandokando ya ziwa. Walibandika picha ukutani: minara mirefu myeupe, kila mmoja na mapanga matatu. Wakatueleza kwamba upepo ni nishati mbadala, kwamba hauishi, hautoi moshi, na wenzetu wa nchi nyingine tayari wanawashia taa. Mmoja akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuona upepo ukifanyishwa kazi. Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kikombe changu cha chai, na sikunyoosha mkono. Ningenyoosha ningelazimika kusimulia habari ya mama, na habari hiyo kila nikiisimulia inatoka kama taarifa ya ofisini.

Ngoja nijaribu kwako, pengine leo itatoka vizuri.

Kwetu ni Magu, upande wa ziwani. Ukishuka basi kwenye barabara kuu unatembea kama saa moja katikati ya majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba, unapita mawe makubwa yaliyopandana, kisha unapanda kidogo, ndipo unaziona nyumba zetu. Ziwa tulikuwa tunaliona siku nzima tukiwa juu pale. Kulifikia ndiko kulikuwa kazi, hasa kurudi, ndoo ikiwa kichwani na mteremko umegeuka kuwa mlima. Nikifumba macho nasikia harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, na moshi wa mabua ya pamba ambayo bibi alikuwa anapikia. Bibi, mama yake baba, alikuwa anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anavichanganya na karanga za kutwanga, na sisi tunakula kwa mkono kabla havijapoa.

Kisima cha pampu ya mkono kilikuwepo, tena karibu na nyumba. Kilichimbwa na mradi fulani kabla sijazaliwa. Lakini nilipokuwa na miaka tisa, pampu ilikuwa imeacha kutoa maji. Ukisukuma mpini unasikia hewa ikikohoa huko chini, basi. Kwa hiyo wanawake wakarudia njia ya ziwani.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa anarudi jioni kwa baiskeli, nyuzi nyeupe za pamba zimemganda kwenye nywele, anaonekana mzee kuliko alivyokuwa. Mama alikuwa anamwekea maji ya kuoga na kumuuliza, bila ugomvi wowote, "Baba watoto, ile pampu utaitazama lini?"

"Jumamosi," baba anajibu.

Sijui zilipita Jumamosi ngapi. Baba hakuwa mvivu. Msimu wa pamba kiwanda hakilali, na siku akipata nafasi alikuwa anasinzia kwenye kiti, kijiko kiko mkononi.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mimi na bibi tulikuwa tunamenya karanga uani. Mama alikuwa ameondoka na jirani yetu, mwanamke aliyeolewa mwaka mmoja naye na ambaye walikuwa hawaachani. Jirani akatokea kwenye njia akiwa hana ndoo. Alikuwa anatembea, hakukimbia, na mkononi ameshika kitenge cha mama kinachodondosha maji.

Bibi akasimama. Karanga zikamwagika kutoka kwenye mapaja yake.

"Mamba," jirani akasema. "Nilimshika, mayu, mama yangu. Nilimshika nguo. Nguo ndiyo hii."

Wanaume walizunguka na mitumbwi siku mbili, wakarudi bila kitu. Tukazika kitenge. Watu walilia sana siku ile, mimi nikawa natazama midomo yao inavyofunguka. Walituletea ugali na sato, nikala nikashiba, na nakumbuka kwamba samaki alikuwa mtamu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu aliniita pembeni akaniambia, "Lia, mwanangu, usijizuie." Nikamwambia ndiyo mwalimu. Sikuwa najizuia. Kulikuwa hakuna kitu cha kuzuia.

Baba naye hakulia. Baada ya siku za msiba kwisha, alichukua spana zake akaenda kisimani peke yake. Kabla uji wa asubuhi haujaiva, pampu ikawa inatoa maji. Akarudi, akanawa mikono, akanywa uji, akapanda baiskeli kwenda kazini.

Lakini kisima kile kilikuwa kirefu na mpini wake mzito. Bibi hakuweza kuusukuma, na watoto tulikuwa tunauning'inia wawili wawili. Foleni ikawa ndefu. Wiki chache tu baadaye, wanawake waliochoka kusubiri wakaanza tena kuteremka na ndoo zao. Baba aliwaona siku moja ya mapumziko, akiwa amekaa mlangoni. Walikuwa watatu, mmoja ana mimba. Akawatazama mpaka wakapotea nyuma ya mawe. Kesho yake akaanza kuleta vyuma.

Meneja wa kiwanda alimruhusu kuchukua chakavu. Akaleta mabomba, akaleta difu, yale magia ya nyuma ya lori lililokufa, akaleta mapipa ya mafuta, akaleta mabati aliyoyakata kwa patasi kutengeneza mapanga. Uani kwetu pakawa kama gereji. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akazunguka lile rundo, akakaa.

"Fundi," akasema, "pampu umetengeneza, watu wanashukuru. Hili jingine la nini?"

"La kuisukuma."

"Nani ataisukuma?"

Baba akaonyesha kwa kidole juu, hewani. Alasiri ilikuwa imefika na upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha nguo kwenye kamba. "Huu unapita hapa kila siku na hauna kazi," akasema. "Mimi nataka mtu akifika kisimani akute maji yameshatoka. Asisubiri. Akisubiri atateremka."

Mwenyekiti alituaga kwa upole mno, kama unavyomuaga mgonjwa. Kijijini wakasema msiba umempanda kichwani. Jirani peke yake hakusema. Alikuwa anakuja jioni, anakaa kando ya bibi, wanamtazama baba akigonga chuma.

Mtambo wa kwanza ulikuwa na mapanga ya bati jepesi, na ulikaa juu siku sita. Ikaja mvua ya vuli na upepo wake, tukasikia mlio kama wa sufuria likianguka kutoka mbinguni. Bati moja tulilikuta limekata mihogo ya jirani. Bibi akamwambia, "Mwanangu, pumzika sasa." Baba akaokota mapande yake moja moja, akayapanga ukutani, akaanza upya. Safari hii akatumia chuma kizito cha mapipa, na nyuma akaweka mkia mpana. Asubuhi kwetu upepo hutoka nchi kavu na mchana hugeuka kutoka ziwani. Bibi ndiye aliyemkumbusha jambo hilo, kwa hiyo mkia ulikuwa na kazi ya kuugeuza mtambo ili uso wake uufuate upepo. Kule chini kwenye pampu alihitaji ngozi ngumu ya kuzibia. Akakata viatu vyake vya kazini. Alikuwa anaenda kiwandani na kandambili mpaka mwisho wa mwezi.

Waliusimamisha Jumapili baada ya ibada, wanaume kumi na kamba. Kijiji kizima kilikuja, wengine ili wacheke. Mapanga yakazunguka vizuri, fimbo ya chuma ikapanda na kushuka, na bomba likabaki kavu. Saa nzima likawa kavu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakisema wana mifugo ya kunywesha. Baba akapanda, akashuka, akamimina maji kidogo ndani ya bomba ili ngozi ilainike, akakaa chini.

Mchana upepo ukatulia kabisa. Kisha majani ya mihogo yakageuka. Mkia ukalia kwikwi, mtambo mzima ukajizungusha ukaelekea ziwani.

"Sasa," bibi akasema.

Bomba likakohoa, likatema matope ya rangi ya chai. Yakaja maji mekundu, yakaja maji meupe. Tuliobaki pale tulikuwa wachache. Jirani alikuwa na ndoo yake, akaiweka chini ya bomba, na yeye mwenyewe akaketi mavumbini akaanza kulia, kwa sauti ambayo sikuisikia kwake hata siku ya mazishi. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakamlowesha miguu.

Baba alisimama akitazama bomba. "Shemeji," akamwambia, "ndoo imejaa."

Hayo ndiyo maneno aliyosema siku ile.

Baadaye akajenga tangi la saruji, na maji yakawa yanajaa hata sisi tukiwa shambani. Nimekua na mlio wa ule mtambo, kwii-ta, kwii-ta, kiasi kwamba nilipopelekwa shule ya bweni nilipata tabu kusoma kwa sababu ya ukimya. Kila Jumamosi baba alikuwa anapanda na kopo la girisi. Mvua ikinyesha anapanda, akiwa na homa anapanda. Wanawake wakimwona juu kule walikuwa wanamsalimia kwa sauti, naye anapunga mkono wenye girisi bila kutazama chini.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilimuuliza kama huwa anamkumbuka mama. Nilimuuliza ovyo tu, tukiwa tunachambua mchele.

"Nilikata kipande cha ngozi," akasema. "Duara dogo, hivi. Nikabadilisha, maji yakatoka. Nusu saa, mwanangu. Ilikuwa kazi ya nusu saa."

Nilitakiwa kumwambia kitu. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Umeme wa nguzo ulifika, ikafungwa pampu mpya, mabomba yakasambazwa hadi uani kwa watu. Hapakuwa tena na sababu ya mtu kupanda juu. Baba akaufunga mtambo kwa waya usizunguke, maana magoti yake hayakuwa yanamruhusu kuupaka girisi, na hakutaka ujivunje. Bibi alikuwa ameshatangulia. Baba akamfuata miaka mitatu iliyopita, akiwa usingizini. Mapanga yakachukuliwa, nasikia moja ni mlango wa banda la kuku. Mnara wakaukata wanunuzi wa chuma chakavu. Nilipigiwa simu kuambiwa, nikajibu sawa. Nikaendelea na barua niliyokuwa naandika.

Wiki iliyofuata baada ya wale vijana na picha zao, nikaenda nyumbani. Nilitaka kufika mahali pale, ziwani, ambapo sikuwahi kukanyaga tangu Alhamisi ile. Nilidhani huenda nikifika kitu kitafunguka.

Jirani yupo, ni mzee sasa, haoni vizuri. "Shikamoo mama," nikamwambia, akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Marahaba, marahaba. Umekuja." Nilipomweleza ninachotaka hakuuliza kwa nini. Akamwita mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi na mitano.

"Mpeleke dada yako ziwani. Kule tulikokuwa tunachotea maji."

Binti akatutazama. "Wapi, bibi? Mimi najua njia ya mwaloni tu, wanakoshushia samaki."

"Hapana. Ya kuchotea. Nyuma ya mawe."

"Kwani mlikuwa mnachota ziwani?" akauliza. Alishangaa kweli. "Mbali kote huko?"

Tukaenda. Mpaka kwenye mawe palikuwa na dalili ya njia, baada ya hapo hakuna. Vichaka vimefungana, na chini kabisa matete yamesimama marefu kuliko sisi. Tukajaribu kulia, tukajaribu kushoto. Nilikuwa nakumbuka jiwe bapa la kufulia na mti ulioinama, sikuona kimoja wala kingine. Maji tulikuwa tunayasikia yakigonga mahali, lakini hatuyaoni.

"Ni hapa, dada?" binti akauliza.

"Sijui."

Nikasubiri. Hakikufunguka kitu. Nilikuwa nimesimama tu kwenye majani, jua linanichoma shingo, na mbele yangu yupo msichana aliyezaliwa mlimani juu ya ziwa hili ambaye hajawahi kuteremka kuchota maji hata siku moja, na wala mama yake, nadhani, hakuteremka tena tangu alipokuwa mtoto. Akasogea hatua moja ndani ya matete kutafuta njia, miguu peku.

"Rudi," nikamwambia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Toka huko. Tangulia mbele yangu, twende juu."

Akacheka, akatangulia. Nikamfuata nyuma, macho yangu hayakutoka kwenye visigino vyake mpaka tulipofika uani.