Lenzi Ndefu na Macho ya Baba

Lenzi ile niliikodi kwa wikendi moja tu, katika duka la vifaa vya filamu kule Digbeth, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, na nzito kuliko nilivyotarajia. Mwenye duka alinieleza kwamba ni mpya kabisa, ila waliibuni kusudi itoe picha kama za zamani: pembeni ulaini kidogo, taa zenye duara la mwanga, ngozi za watu zikichukua rangi ya chai ya maziwa. Nikatia sahihi, nikaibeba kwenye basi nikiwa nimeipakata.

Riziki yangu wakati huo ilikuwa kupiga video za harusi, leo ya Wakongo, wiki ijayo ya Wasomali waliokulia Nairobi. Lakini filamu hii fupi ilikuwa yangu mwenyewe, nayo ilimhusu baba. Alihamia nasi Birmingham nikiwa bado sijaanza shule, akafanya kazi miaka mingi Washwood Heath, katika kiwanda cha magari ya mizigo, akiyafungia magari mapya milango. Kabla ya hapo, Nakuru, alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maghorofa na ndege, na watu walikuja na nguo za Jumapili kusimama mbele ya mji ambao hawakuwahi kuuona. Kiwanda kilikwisha kufungwa, na mahali pake palikuwa panajengwa karakana ya treni za kasi. Nilitaka nimpige baba picha akiwa amesimama pale.

Ijumaa jioni, nyumbani kwetu Handsworth, niliifungua lenzi mezani. Baba aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha pete ya kufokasi, akaielekeza dirishani. Akauliza ni ya mwaka gani. Nikamweleza yale niliyoelezwa dukani.

"Sisi ukungu huu tulikuwa tunaufuta kwa pamba na spiriti," akasema. "Mteja akiuona kwenye picha yake, anakurudishia. Leo nyinyi mnautafuta madukani."

Nilimwambia watu wanapenda picha zinazowakumbusha zamani.

"Zamani yenyewe ilikuwa inaonekana vizuri sana, mama. Lenzi zetu ndizo zilikuwa mbovu."

Aliniita mama tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Shida yangu kubwa katika filamu ile ilikuwa baba mwenyewe. Kila niliposogeza kamera karibu naye alitoa kifua mbele kama wateja wake wa Nakuru, na Kiswahili chake kikageuka cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Ndiyo sababu niliitaka lenzi ya kumvuta kutoka mbali. Jumamosi asubuhi tulipofika Washwood Heath nilisimamisha kamera ng'ambo ya barabara, mbali kiasi kwamba kwa macho matupu nilimwona kofia na koti tu. Nilimwambia atembee kando ya ua wa ujenzi mpaka nimpungie mkono. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaanza kurekodi.

Alitembea, akasimama. Alizitazama winchi kwa muda. Kisha mikono yake ikainuka. Wa kushoto ulishika kitu kisichokuwepo, wa kulia ukakaza skrubu, goti likasukuma chini. Akapiga hatua moja kando, akaanza upya. Alikuwa anafunga milango. Alifunga minne au mitano, bila haraka, kila mara akimaliza kwa kupitisha kiganja ukingoni kuhakikisha umekaa sawa.

Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kuiona kazi yake. Nilichokijua utotoni ni mgongo wake chini ya blanketi mchana, akiwa ametoka shifti ya usiku, na marehemu mama akituonya tusipige kelele. Sikumpungia mkono. Nilimwacha mpaka akachoka mwenyewe, akavuka barabara.

Nikamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Nilitarajia aone haya, au anicheke. Aliinama akaangalia mpaka mwisho, akaomba nirudishe nyuma, akaangalia tena.

"Umeipiga jinsi ninavyoona," akasema.

Nikamwambia sijamwelewa. Akaweka kidole kwenye taa ya lori lililokuwa linapita nyuma yake kwenye picha.

"Hili duara. Na huu utandu. Hata wewe hapo ulipo, uso wako nauona hivi hivi."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka juzi. Sasa mpiga picha ataanzaje kutangaza kwamba macho yamemwisha?"

Nilikunja stendi ya kamera. Njiani kurudi nikayakumbuka mambo. Alikuwa ameacha kumimina chai, akidai ni zamu yangu. Barua zote alinipa nimsomee, eti Kiingereza changu ni kizuri zaidi. Nami nikasoma, tena nikijisifu moyoni.

Jumatatu nilimpeleka kupimwa. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulisubiri zamu ya upasuaji miezi kadhaa, na katika miezi hiyo nilimaliza kuhariri filamu, huku baba akikaa kando yangu akisimulia studio yake bila kutoa kifua, kwa kuwa hakukuwa na kamera mbele yake. Aliwakumbuka wateja kwa mavazi yao. Bwana harusi mmoja aliazima saa ya baba, akapiga picha, akairudisha, kisha akarudi kuiazima tena kwa ajili ya harusi yenyewe. Siku hizi baba amerudi Nakuru kuishi, na simulizi zile ndizo ninazozikosa sana nikiwa naosha vyombo peke yangu.

Jicho la kwanza lilipasuliwa siku ya Jumatano. Kesho yake asubuhi alitoa kikinga cha plastiki kilicholifunika, akakaa kitandani akiangalia mikono yake. Kisha akataka tutoke. Tulipanda basi la ghorofa linalopita Soho Road, juu kabisa, kiti cha mbele. Baba akaanza kusoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine: saluni, vitambaa vya harusi, viazi vikuu na ndizi, wakili, vito vya dhahabu, saluni tena. Mwanamke mmoja mwenye mtoto alitugeukia akatabasamu. Sikumnyamazisha baba.

Mahali fulani kwenye foleni aliacha kusoma, akanitazama usoni muda mrefu.

"Una mvi," akasema kwa upole.

Nikakubali. Akaigusa mojawapo juu ya sikio langu, kisha akageukia dirisha, akaendelea na mabango. Kituo chetu kilipita tukiwa tumekaa. Tulishuka kilichofuata, tukarudi kwa miguu.